Barua ya wazi kwa wakubwa wa Kisumu: ile karatasi ya ND ya Obunga

Waheshimiwa, Gavana wetu, waziri wa afya wa kaunti, MCA wote mnaokaa kwa kamati ya afya, na nyinyi wa KEBS, shirika la viwango, na wa afya ya umma mlioko huku kwetu, salamu sana. Mimi ni fundi wa maabara, nimekula chumvi kiasi kwa hii kazi ya kupima madini kwa chakula, na kabla mtu hajaniuliza nimetumwa na nani, nimetumwa na karatasi moja imepigwa lamineti ikaning'inizwa kando ya karai ya mafuta pale mtaa wa Obunga.

Mnaojua Obunga mnajua mgongo wazi. Kiwanda kikishatoa minofu ya mbuta, ile wengine mnaita sangara, ya kupeleka nje, kile kinabaki, kichwa na uti wa mgongo na nyama kidogo imeshikilia mifupa, ndio inaletwa kwetu, akina mama wanaikausha wanaikaanga mpaka iwe rangi ya kahawia na mfupa unatafunika, na hapo mwananchi wa kawaida amekula samaki. Sasa kuna mama mmoja alikuja kwa maabara niliyokuwa nafanya wakati huo, sitaitaja maabara yenyewe na msinitafutie, amefunga mgongo mmoja kwa gazeti, akasema, "Mwanangu, wateja wamesikia kwa redio ati samaki ya ziwa iko na sumu ya vyuma, wananiuliza mimi, na mimi nitawajibu nini, nipimie tu nijue." Alikuwa amevaa nguo ya kanisa. Alilipa, akapewa risiti, akaambiwa arudi wiki ijayo.

Tukapima. Risasi, ile wengine mnaita ledi, tukaandika ND. Kadimiamu, chuma kingine cha sumu, ND. Muhuri, sahihi, kwisha. Mama alipokuja kuchukua akauliza hizi herufi mbili ni nini, na msimamizi wetu akamwambia, "Ni kusema hakuna, Mama, samaki yako ni safi." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na kalamu mkononi na nikanyamaza. Hiyo ndio karatasi sai iko Obunga imening'inizwa na kamba, mafuta imeirukia kona moja, na mteja akiuliza Mama anamwonyesha na kidole, soma hapo, imepimwa.

Wakubwa zangu, ND ni kusema mashini haikuona. Haikuona na haiko ni vitu mbili tofauti kabisa, na nitawaonyesha kwa hesabu ya darasa la saba ndio msiseme naongea maneno ya wasomi.

Kiwango cha Codex, wale wanaoweka viwango vya chakula vya kimataifa, cha risasi kwa samaki ni miligramu 0.3 kwa kilo moja. Sisi hatuchomi kilo nzima ya samaki, tunachukua gramu moja hivi ya sampuli, tunaiyeyusha na asidi, halafu tunaongeza maji mpaka ifike mililita 50. Kwa hivyo samaki ambaye amefika kiwango kabisa, yule anafaa kuwa kwa mstari wa hatari, atakuwa na mikrogramu 0.3 ya risasi kwa hiyo gramu, ukiigawanya kwa mililita 50 unapata mikrogramu 6 kwa lita. Na mashini yetu ni ile AAS ya moto, mzee wa siku nyingi, inachoma ile maji kwa moto wa asetilini na kuangalia mwanga wa taa umepungua kiasi gani. Ikiwa na siku nzuri, taa ni mpya na bomba halijaziba, inaanza kuona risasi karibu mikrogramu 10 hadi 20 kwa lita, na kuihesabu kwa uhakika inataka zaidi ya hapo. Sita haioni. Samaki mwenye risasi mara tatu ya kiwango anaweza kupita hapo mchana peupe na tukamwandikia ND na muhuri juu.

Mvuvi wa Dunga hahitaji hiyo hesabu. Mwambie tu kuna mtu ametupa nyavu ya mbuta ya inchi 5 ziwani usiku mzima, akaivuta asubuhi ikiwa tupu, halafu akaenda kutangaza redioni ati omena imeisha ziwa lote. Atacheka mpaka atoke machozi. Sisi ndio huyo mtu, na tunapewa mshahara.

Najua mtasema basi nunueni mashini kubwa, ICP-MS, hiyo inaona mpaka mambo ya ajabu. Ni kweli inaona. Pia inakunywa gesi ya argoni usiku na mchana, inataka chumba chenye hewa safi na stima isiyopotea, na ikiharibika fundi anatoka mbali na mnajua vile tenda za ukarabati huenda. Nimeona mashini za bei zimefunikwa na shuka kwa miaka sababu ya kipuri kimoja. Siombi hiyo. Naomba kitu kidogo kuliko hiyo na cha maana zaidi.

Kama mashini haioni kidogo, ikusanyie hicho kidogo mahali pamoja kabla uipelekee. Watu wa kemia wanafanya hivi tangu zamani: unaweka kwa ile mililita 50 dawa inayokamata chuma, kwa mfano dithizoni, halafu unaongeza kimiminiko kidogo ambacho hakichanganyiki na maji, unatikisa, na risasi yote inahama kutoka kwa maji mengi inaingia kwa kile kidogo. Ukitoa mililita 50 ukaziweka kwa mililita moja, ile 6 yetu inakuwa 300, na 300 hata mzee wetu wa moto anaiona bila miwani. Ni kama mchele umemwagika kwa uwanja mzima wa shule ukauokota wote ukautia kwa kikombe kimoja.

Shida ilikuwa hicho kimiminiko. Vitabu vyote tulivyosomea vilisema kloroformu au kaboni tetrakloraidi. Hiyo ya pili inakula ini na imo kwa orodha ya Mkataba wa Montreal wa 1987 sababu inaharibu ozoni, hupati na hufai kupata. Kloroformu bado iko, na nitawaambia vile tulikuwa tunaitumia: ile kabati ya kuvuta moshi ilikuwa na feni imekufa, kwa hivyo tulifungua dirisha na kushikilia pumzi, na jioni ile iliyobaki ilimwagwa kwa sinki. Sinki inaenda kwa mfereji, mfereji unaenda mnajua wapi. Yaani tunapima uchafu wa ziwa na mkono mmoja na mkono ule mwingine tunamwaga. Niliongea, nikaambiwa bajeti ya kubeba taka za kemikali haijapitishwa. Mpaka nikatoka haikuwa imepitishwa.

Na hapo ndio hii mambo ya viyeyushi vya kijani, yaani vimiminiko vya kuyeyushia visivyoumiza sana mtu wala mazingira, inaingia, na ndio sababu naandika barua ndefu hivi. Mwaka 2003 wakemia wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, waliandika kuhusu kitu cha ajabu: walichukua unga mbili, kolini kloraidi ambayo inayeyuka ikifika nyuzi 302 na yurea ambayo inayeyuka nyuzi 133, wakachanganya moja kwa mbili, na mchanganyiko ukawa kimiminiko hata kwa nyuzi 12. Kolini ni ile tunalisha kuku. Yurea ni ile ya shamba. Mimi sikuamini mpaka nilijaribu mwenyewe, jioni moja watu wakiwa wameenda: unga nyeupe na unga nyeupe kwa bika moja, bila tone la maji, nikaweka juu ya maji moto nyuzi 80 nikakoroga na kijiti cha kioo. Kwanza ilishikana kama ugali mgumu. Halafu pembeni ikaanza kulowa, kama sukari imeachwa kwa mvua, na baada ya muda bika yote ikawa kitu kizito kinang'aa kama asali nyepesi, nikazima moto nikangoja igande, haikuganda, nikaenda nyumbani, asubuhi bado ni asali. Haina harufu. Hutaoga nayo lakini pia haitakuangusha kwa sakafu.

(Na tafadhali mtu asikimbie kwa agroveti kununua kolini ya kuku akasema amefungua maabara, ile ya gunia mara nyingi ni asilimia 60 imepakwa kwa unga wa magunzi ya mahindi, utakuwa unapima magunzi.)

Tangu hapo watu wamepika aina nyingi. Mwaka 2013 watafiti wa Iran walionyesha kolini ikichanganywa na asidi ya oksaliki inaweza kuyeyusha nyama ya samaki yenyewe ili wapime shaba, chuma na zinki, bila kuchemsha kwa asidi kali za kutisha. Na kuna zile zinakataa maji, hizo ndio zinachukua kazi ya kloroformu: mentholi, ile inanukia kwa dawa ya kujipaka kifua, ukichanganya na asidi ya dekanoiki, ambayo ni mafuta yanayopatikana hata kwa nazi na maziwa ya mbuzi. Kila moja peke yake kwa meza ni kigumu, ukizichanganya zinakuwa maji, na kwa joto la Kisumu hazifikirii hata kuganda. Maabara inanukia kama chumba cha mtoto mwenye homa, lakini afadhali hiyo. Ukimaliza unalegeza kile kitone na ethanoli kidogo, na ethanoli inatolewa kwa molasi ya miwa hapa hapa Muhoroni, halafu unasoma kwa mashini ile ile ya zamani.

Sasa nisiwadanganye, sababu nyinyi mkidanganywa mnakata utepe halafu kitu kinakufa. Neno kijani linauza na kuna watu wanalitumia vibaya. Nimesoma mbinu zinaitwa za kijani na katikati mtu ameongeza tetrahidrofurani ndio tabaka zitengane, hiyo ni kama kusema umeacha pombe unakunywa tu busaa. Ile ya oksaliki kwa risasi inataka uangalifu mkubwa, oksaleti ya risasi haiyeyuki vizuri kwa maji, inaweza kukaa chini ya chupa ukatangaza tena ND, kwa hivyo kwa risasi mimi bado ningeanza na asidi ya nitriki kidogo iliyopunguzwa nguvu pamoja na peroksaidi. Hivi vimiminiko ni vizito, pipeti inakudanganya, bora upime uzito. Kolini inavuta unyevu wa hewa, acha kifuniko wazi mchana mmoja wa mvua utakuta uji. Na ukishaweza kuona kidogo sana, unaanza kuona pia uchafu wako mwenyewe, risasi ya vumbi la dirisha na ya chupa haikuoshwa vizuri, kwa hivyo lazima kila siku uendeshe sampuli tupu, dawa zile zile bila samaki ndani, na uweke risasi unayoijua ndani ya samaki uone inarudi kiasi gani. Zebaki nayo ni kesi yake tofauti, inaruka na joto, moto haifai, inataka mbinu ya mvuke baridi.

Zebaki nimeitaja makusudi. Huko Migori na Ikolomani watu wanaosha dhahabu na zebaki kwa karai, mikono mitupu, halafu wanaichoma hewani, na mvua ikinyesha kila kitu kinateremka kwa mto. Risasi nayo iko kwa betri za gari zinazopasuliwa kwa nyundo uani, rangi kuukuu, na hata sufuria zile za kuyeyusha vyuma chakavu, utafiti wa Kameruni uliochapishwa 2014 ulipata zinatoa risasi kwa chakula. Petroli yenye risasi tuliiacha mwanzo wa 2006 lakini udongo wa kando ya barabara hausahau haraka, na kando ya barabara ndio tunapanda sukuma, Kisumu na Nakuru zote. Owino Uhuru kule Mombasa watoto waliumizwa na risasi ya kiwanda cha betri mpaka mahakama 2020 ikatoa hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3, na WHO inasema wazi hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Inaingia kwa mfupa inakaa huko. Kwa samaki pia inapenda mfupa. Na sisi ndio tunakula mfupa, minofu imeenda.

Hiyo ndio inaniuma kuliko zote. Miaka ya 1997 mpaka 2000 Ulaya ilifungia samaki wa ziwa letu mara kadhaa, sababu ilikuwa bakteria na hofu ya dawa za sumu, na mkumbuke vile kila mtu aliamka, sababu dola zilikuwa zinapotea. Mpaka leo mnofu wa kwenda nje lazima utimize sheria za mnunuzi. Mgongo wa huyo huyo samaki ukivuka barabara kuingia Obunga hakuna anayeuliza. Samaki mmoja, sheria mbili.

Na msiniambie hii ya vipimo kuchanganya watu ni mambo yangu. Mwaka 2018 nchi nzima iliambiwa sukari ya magendo ina zebaki na shaba, kesho yake mkubwa mwingine anasema hakuna zebaki, wabunge wakaanza kurushiana maneno, na mwananchi akabaki ameshika kijiko juu ya chai. Ni wangapi waliuliza ilipimwa na mbinu gani, na hiyo mbinu inaona mpaka wapi? Hilo swali moja lingepunguza kelele nusu.

Kwa hivyo naomba nini. La kwanza halina gharama hata shilingi, ni wino tu. Toeni amri kila cheti cha chakula kinachotolewa kwa mwananchi huku kiandikwe kiasi kidogo kabisa ambacho mbinu inaweza kuona, na kando yake kiwango cha sheria, kwa lugha ambayo Mama anasoma. Kama mbinu haifiki kiwango, maabara iseme hapana, hatuwezi kukupimia hii, na wamrudishie pesa yake. Si aibu kusema huwezi.

La pili ni pesa, lakini si ya kutisha. Feni ya ile kabati. Taa mpya za risasi na kadimiamu. Kemikali hizi nilizotaja, safi, za maabara. Sampuli za marejeo zenye majibu yanayojulikana, ndio tujipime sisi kabla ya kupima watu. Mapipa ya taka na mtu wa kuyabeba. Na vijana tunao, Maseno wako, Bondo wako, Masinde Muliro wako, Egerton wako, wanamaliza kemia wanaenda kuuza laini za simu, wapeni mwaka mmoja wachukue mgongo wazi, omena na sukuma ya soko la Kibuye wajaribu hii mbinu ya mentholi dhidi ya ile ya zamani, sampuli hizo hizo, na wengine wapime sampuli hizo hizo kwa mashini kubwa popote ilipo, tuone kama majibu yanafanana. Yakikataa kufanana tutasema yamekataa.

La tatu ndio gumu na ndio linafanya akina mama wanikimbie nikienda na chupa zangu. Wanajua vile hii huenda. Leo unakuja unachukua samaki kidogo na tabasamu, kesho kanjo, askari wa kaunti, wanakuja na gari wanabeba meza, karai, na samaki yote, na jioni samaki imeliwa wapi hujui. Mama mmoja pale Kibuye aliniambia usoni, "Wewe kijana pima lakini usiniandike jina." Ana haki. Yeye hakuweka risasi kwa samaki. Kwa hivyo kabla hata chupa ya kwanza haijanunuliwa andikeni na mtangaze kwamba jibu baya likipatikana mnafuata nyuma, mto gani, uani kwa nani, sufuria ya nani, na muuzaji analindwa na kupewa bidhaa nyingine auze. Bila hiyo mtapata sampuli za wale wanaojua wako safi tu, na hiyo si kupima.

Sheria mnayo tayari. Katiba kifungu cha 43 inasema chakula cha ubora unaokubalika, cha 46 inampa mtumiaji haki ya habari anayohitaji, na Jedwali la Nne limeipa kaunti kazi ya kusimamia wanaouzia umma chakula. Sijaongeza hata nukta.

Wiki iliyopita nilipita Obunga nikanunua mgongo wa mia, nikakula nimesimama, ni tamu, sitasema uongo. Mama alinitambua, akaniongezea kichwa cha bure, na akaniambia karatasi yenu imenisaidia sana mwanangu, wateja wanaiamini. Nilitaka kumwambia nikashindwa, sababu ningemwambia nini, toa hiyo, halafu nimpe gani mahali pake? Karatasi ya pili niko tayari kumpelekea mimi mwenyewe, kwa miguu, yenye namba ya ukweli, hata kama ni mbaya. Sehemu ya namba iko wazi. Nawangoja nyinyi.

Ni mimi,
fundi wa maabara, Kisumu